Mfereji wa Pili Chini ya Dramu

Dramu la kromu hufunguliwa asubuhi. Limezunguka usiku kucha, na fundi anapolisimamisha na kuchomoa kizibo, maji yanayomwagika ni ya kijani kilichokolea hadi kukaribia buluu, na bado yana uvuguvugu. Ngozi zilizoingia nyeupe zinatoka na rangi ya samawati. Fundi anachagua ile nene kuliko zote, anakata kipande kidogo sehemu ya shingo, anakiweka juu ya karatasi na kukichora kwa penseli kukizunguka, kisha anakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Baada ya dakika chache anakiopoa na kukirudisha juu ya mchoro. Kikienea vilevile, ngozi imeiva. Ngozi mbichi ingesinyaa na kujikunja kabla maji hayajafika nyuzi 70.

Macho ya watu wote huwa kwenye kipande hicho. Mimi nilifundishwa kutazama maji yaliyomwagika.

Nimefanya kazi ya maabara katika viwanda vya ngozi kaskazini mwa Tanzania, baada ya kusoma Mwanza katika chuo cha ngozi ambacho siku hizi ni kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Kazi ya mtu wa maabara ni kupima: chumvi, asidi, chokaa, na kiasi cha kromu kilichobaki majini baada ya ngozi kuiva. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kilichonifanya niandike makala hii, kwa sababu kinaonyesha bidhaa nzuri, iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni, ikiondoka kwa mfereji.

Kromu ni metali. Mwenye pikipiki anaijua kwa mng'aro wa bomba la moshi, na fundi wa vyuma anaijua ndani ya chuma kisichoshika kutu. Sisi wa ngozi tunatumia chumvi yake, unga wa kijani unaoletwa katika mifuko ya kilo 25. Njia ya kuivisha ngozi kwa kromu ilipewa hataza Marekani mwaka 1884, kwa jina la Augustus Schultz. Kabla ya hapo ngozi nzito ililala katika mashimo ya maji ya magome kwa miezi. Kromu humaliza kazi hiyo kwa siku moja, na ngozi inayotoka ni laini, nyepesi, inashika rangi na haiharibiwi na maji moto. Ndiyo maana ngozi nyingi duniani, za viatu, mikoba na viti vya magari, zimepita kwenye maji hayo ya kijani.

Unga huo unatoka mbali. Madini yake, kromaiti, huchimbwa Afrika Kusini kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote. Husagwa, huchomwa tanuruni pamoja na magadi, na katika hatua hiyo kromu huwa katika hali ambayo wakemia huipa namba sita. Kromu-sita ni sumu kali inayosababisha saratani. Baadaye huteremshwa hadi namba tatu kwa gesi ya salfa au hata kwa molasi ya miwa, na hapo ndipo inapofaa kwa ngozi. Kromu-tatu si sumu ya kiwango hicho, ila haina ruhusa ya kwenda mtoni. Watu wamechimba, wamesaga, wamechoma, wamesafirisha kwa meli na kulipa ushuru bandarini ili mfuko mmoja ufike Moshi au Athi River.

Sasa tupige hesabu. Kwa tani moja ya ngozi iliyokwisha kutolewa manyoya, kiwanda hutia takriban kilo 80 za unga wa kromu. Katika uchakataji wa kawaida ngozi hunywa kati ya asilimia 60 na 80 ya kromu hiyo. Tuchukue 70. Kilo 56 zimeingia kwenye ngozi, na kilo 24, karibu mfuko mzima, zimo katika yale maji yaliyomwagika asubuhi. Ukiyapima utakuta zaidi ya gramu 2 za kromu katika kila lita, yaani miligramu 2,000 na kuendelea. Viwango vinavyoruhusiwa katika nchi nyingi, zikiwemo zetu, ni miligramu 1 au 2.

Siku moja mzee mmoja wa kwenye madramu, mtu aliyeijua kazi hii kabla sijazaliwa, aliniona nimeinama chini ya kizibo na chupa ya sampuli mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unapima tena uchafu?"

"Napima kromu, mzee."

"Kromu gani, wakati nimeshaitia yote jana?"

Nilimwambia hesabu ile ya kilo 24. Akanyamaza, akatazama maji yakipotea chini ya wavu wa sakafu, kisha akauliza swali ambalo mhandisi yeyote angepaswa kuliuliza kwanza: "Na hayo maji yanakwenda wapi?" Yalikwenda kukutana na maji mengine yote ya kiwanda. Nitafika hapo.

Kurejesha kromu si uchawi wala si teknolojia ya mabilioni. Ukitaka kuiona, bika ya lita moja inatosha. Jaza maji ya dramu, yaliyochujwa nyuzinyuzi na kuenguliwa mafuta. Karatasi ya pH itakuonyesha kama 3.8, uchachu mdogo. Chukua magnesia, unga mweupe mwepesi, jamaa wa karibu wa ile dawa nyeupe ya kiungulia inayouzwa maduka ya dawa. Nyunyiza kidogo kidogo huku ukikoroga. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha maji yanaingia ukungu, na ukungu unakuwa chembechembe za kijani zenye ukijivu. Endelea hadi pH ifike 8 au 8.5, halafu acha. Usiguse, usikoroge, nenda nyumbani.

Asubuhi chini ya bika kuna tope zito la kijani, na juu yake maji yanayoruhusu kusoma maandishi upande wa pili wa kioo. Kromu yote imeshuka isipokuwa mabaki ya miligramu chache. Mwaga maji ya juu taratibu. Tope linalobaki, tia asidi ya salfuriki, asidi ile ile iliyomo kwenye betri za gari, tone kwa tone. Tope linapata joto, linalainika, linayeyuka, na mbele ya macho yako linarudi kuwa maji ya kijani angavu. Hiyo ni kromu ile ile iliyokuwa mfukoni, tayari kurudi kwenye dramu.

Kwa nini magnesia, wakati kostiki soda inapatikana kila mahali kwa bei ndogo? Swali hili huulizwa na kila mhasibu, na jibu lake ni la vitendo. Kostiki huiteremsha kromu pia, lakini tope lake ni jepesi, la kuteleza, limebeba maji mengi, na halitulii. Inabidi ununue mashine ya kulikamua. Halafu kostiki ikizidi kidogo, pH inaruka, na ikipita 10 kromu inaanza kuyeyuka tena na kurudi majini. Kazi yote imekwenda bure. Magnesia huyeyuka polepole. Mfanyakazi akizidisha, pH inasimama karibu na 9 na tope linabaki tope. Kwa kiwanda kidogo chenye zamu ya usiku na mtu mmoja wa maabara, uvumilivu huo una thamani kuliko tofauti ya bei. Na haihitajiki nyingi. Kwa zile kilo 24 zetu, hesabu ya kemia haifiki hata kilo 5 za magnesia, ingawa kiwandani utatumia zaidi, kwa sababu asidi iliyobaki kwenye maji nayo hudai sehemu yake.

Kiwandani bika hugeuka kuwa matangi mawili au matatu ya plastiki, pampu isiyoliwa na asidi, kikorogeo na wavu. Maji hupumzishwa kwanza ili mafuta yaelee na kuenguliwa. Hatua hii watu hupenda kuiruka, na ndiyo inayoharibu sifa ya kromu iliyorejeshwa, maana mafuta yakirudi kwenye dramu ngozi hutoka na madoa na mnunuzi huzishusha daraja. Ukiitunza vizuri, utaratibu wa kawaida ni kuchanganya sehemu 30 za kromu ya kurejeshwa na sehemu 70 za kromu mpya, na hakuna fundi atakayekutambulia ngozi ipi ni ipi. Asidi ishikwe na aliyefunzwa, mwenye miwani, glovu ndefu na aproni. Na itiwe kwenye tope, polepole. Tope lisimwagwe kwenye asidi hata siku moja.

Sasa nirudi kwenye swali la mzee. Kiwanda cha ngozi hakina maji machafu ya aina moja. Yapo ya kuloweka, yenye chumvi, damu na kinyesi. Yapo ya chokaa na salfaidi, yaliyoyeyusha manyoya, meupe mazito yenye harufu ya mayai viza. Yapo ya asidi, ya kromu, ya rangi na ya mafuta ya kulainisha. Katika viwanda vingi vilivyojengwa zamani, yote haya yana mfereji mmoja. Yanakutana chini ya sakafu, yanafika kwenye bwawa yakiwa kitu kimoja cha kijivu, na kuanzia hapo kromu imekwisha kupotea kwa mwenye kiwanda.

Haijatoweka. Chokaa iliyomo imeiteremsha, nayo imelala katika tope pamoja na nywele, mafuta, protini na chumvi. Chumvi iliyo kwenye kijiko unaweza kuirudisha mkebeni. Ukishaimwaga kwenye sufuria ya mchuzi, umeipoteza ingawa ungali unaionja. Gharama ya kuchomoa kromu katika tope la bwawa ni kubwa kuliko thamani ya kromu yenyewe. Tope hilo haliwezi kuwa mbolea. Linakaushwa, linalundikwa nyuma ya kiwanda, na kila mwaka lundo linakua.

Kuchanganya maji kuna hatari nyingine, na hii nasema kwa uzito wote. Maji ya kromu yana asidi. Yakikutana na maji ya salfaidi kwenye shimo lililofunikwa, hutoka gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo, unanusa mayai yaliyooza. Ikiwa nyingi, hunusi kitu, kwa sababu gesi yenyewe huua kwanza uwezo wa pua kuitambua. Wafanyakazi wa viwanda vya ngozi katika nchi nyingi wamekufa kwenye mashimo ya namna hiyo, na mara nyingi aliyeshuka kumwokoa mwenzake alibaki humo humo. Kwa hiyo mtu akiniambia kutenganisha mifereji ni anasa ya Ulaya, namwomba afikirie kijana atakayetumwa kuzibua shimo.

Wazo la kwamba taka za kiwanda ni bidhaa iliyokosewa njia halikuzaliwa leo, na mfano ninaoupenda ni wa viwanda vya soda vya Uingereza vya karne ya 19. Soda hiyo ni magadi, ambayo sisi huichota ikiwa tayari katika Ziwa Magadi. Waingereza hawakuwa na ziwa la namna hiyo, hivyo waliitengeneza kutokana na chumvi na asidi ya salfuriki, kwa njia ya Mfaransa Nicolas Leblanc. Kila walipotengeneza soda, dohani zilitoa gesi ya asidi ya haidrokloriki iliyokausha miti na mazao ya mashamba ya jirani. Mwaka 1836 William Gossage alipata njia ya kuinasa: aliijaza vijiti na matawi minara iliyosimama, akamwaga maji kutoka juu huku gesi ikipanda kutoka chini, maji yakaimeza. Wenye viwanda wengi hawakuwa na haraka ya kumfuata. Bunge ndilo lililowalazimisha, kwa sheria ya mwaka 1863, iliyotaka asilimia 95 ya gesi hiyo inaswe, na mkemia Robert Angus Smith akapewa kazi ya ukaguzi.

Mwanzoni walinasa asidi na kuimwaga mitoni, kosa jipya badala ya la zamani. Kisha wakemia, Walter Weldon na Henry Deacon miongoni mwao, wakapata njia za kuigeuza kuwa klorini ya kung'arishia nguo na karatasi. Ilipotokea njia nyingine ya kutengeneza soda kwa gharama ndogo zaidi, ile ya Mbelgiji Ernest Solvay, viwanda vya zamani vilishindwa kushindana kwa soda. Kilichowaweka hai kwa miaka mingi ni klorini, iliyotoka kwenye moshi waliokuwa wakiupeperusha juu ya mashamba ya watu. Sheria ilitangulia, faida ikafuata nyuma. Sijaona sababu ya kuamini kwamba kwetu mpangilio utakuwa tofauti.

Wenzetu wa ngozi wameshapita njia hii. Santa Croce sull'Arno, mji wa Toscana nchini Italia, umejaa viwanda vidogo vidogo vya ngozi ambavyo hakuna hata kimoja kilichotaka kubeba mzigo huo peke yake. Waliunda ushirika mwaka 1981 wenye mtambo mmoja wa kurejesha kromu: maji ya kijani ya viwanda yanapelekwa huko, na kromu inarudi kwa wenyewe. India, Taasisi Kuu ya Utafiti wa Ngozi iliyoko Chennai imefanya kazi kubwa ya kuifanya njia ya magnesia iwezekane hata kwa mwenye kiwanda cha kawaida.

Je, mtindo wa Santa Croce utatufaa? Kwa sehemu. Viwanda vyetu vimetawanyika: Moshi, Arusha, Mwanza, Morogoro, Thika, Nakuru, Jinja. Kusafirisha maji kwa lori mamia ya kilomita ili kuokoa mfuko mmoja wa kromu ni kuchoma dizeli bure. Athi River, ambako viwanda vinapakana, mtambo wa pamoja una maana. Kwingineko naona tangi la kila mtu kwake ndilo jibu, na teknolojia ya bika niliyoieleza haikatai udogo.

Kuna mahali urejeshaji huu unafika kikomo, na anayeuza mitambo huwa hasemi. Maji ya hatua za baadaye, ya kuongezea kromu na kutia rangi, yana kromu kidogo iliyochanganyika na rangi na mafuta, na kuirejesha hakulipi. Vipande na mabaki ya unyoaji, yale maganda membamba ya samawati yanayorundikana chini ya mashine, yana kromu iliyokwisha kushikana na ngozi na haitoki kwa magnesia. Hayo mabaki yasiuzwe kwa wachoma matofali. Yakiungua kwenye hewa pamoja na majivu, sehemu ya kromu-tatu inaweza kurudi kuwa kromu-sita, ile sumu tuliyoiacha huko kwenye tanuru za kromaiti, safari hii ikiwa katika moshi na majivu ya kijijini. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2015 unakataa bidhaa ya ngozi inayogusa mwili ikiwa ina kromu-sita ya miligramu 3 au zaidi kwa kilo. Sisi tusikubali kiwango chochote kivutwe na watoto wetu.

Na njia bora kabisa inatangulia tangi: kuifanya ngozi inywe zaidi. Kupunguza maji ndani ya dramu, kupandisha joto kidogo na kuacha lizunguke muda mrefu zaidi huongeza kromu inayoingia kwenye ngozi bila kununua kitu. Nimewahi kuona mameneja wakijadili mitambo ya kigeni wakati dramu lao linafunguliwa kabla ya wakati ili kuwahi lori.

Wapo wanaosema tuachane na kromu, turudi kwenye magome. Nawaheshimu, na nchi yetu ina magome: miwati ya Njombe imekuwa ikikamuliwa dawa ya ngozi tangu enzi za ukoloni, na kwa soli, mikanda na matandiko ya farasi sijui kitu kinachoipita. Lakini maji ya magome nayo ni meusi, yanakula hewa yote ya mto na vijidudu huchukua muda mrefu kuyavunja. Kubadilisha rangi ya maji si kuyasafisha. Atakayetumia magome atahitaji vilevile kujua maji yake yanakwenda wapi.

Ombi langu kwa wanaojenga viwanda sasa, maana vinajengwa, ni la saruji tu. Kabla sakafu haijamwagwa, chora mfereji wa pili chini ya madramu ya kromu, unaojitegemea, unaoelekea kwenye tangi lake. Hata kama fedha za magnesia na pampu hazipo mwaka huu, mfereji uwepo. Kuvunja sakafu ya kiwanda kinachofanya kazi ili kuuweka baadaye ni gharama ambayo nimeona ikiahirishwa mwaka hadi mwaka.

Kwa wakaguzi: msiishie kuchota chupa mwisho wa bomba, ambako maji mengi yamekwisha kuyazimua machache. Ingieni ndani asubuhi dramu linapofunguliwa, muulize swali la yule mzee, na muyafuate maji kwa miguu mpaka yanapoishia. Nanyi mnaoishi jirani na mabwawa hayo, mnaweza kuuliza swali hilo hilo bila kuwa wakemia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya.